Paka wa Mama

Koboko, Jumanne usiku

Njaa bado inaniuma. Muuguzi alimwambia Mama sukari yake imepanda, apunguze ugali na kuzidisha mboga. Nikaahidi kula kama yeye, asijisikie mpweke.

Shida ni kwamba tunakula sahani moja. Leo mimi niliacha ugali kwa sababu ya ahadi, yeye akaniachia kwa sababu ni mama. Kunde zikaisha, ugali wa muhogo ukabaki.

Baadaye nikanyata jikoni kumega kidogo. Nikamkuta Mama, mkono umo sufuriani.

"Iko paka hapa," akasema. "Mimi nafukuza."

Hatuna paka.

Niliogopa kwa ajili yake, halafu tukacheka wote. Ugali nikaupeleka kwa shangazi, nyumba ya pili. Mama aliusindikiza kwa macho mpaka nilipopita uzio.