Sauti ya Bi Mdomo

Chumba cha mbele,
Jumapili alasiri.

Kwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi zikufikie hapo utakapozisomea, yaani hatua chache tu kutoka hapa nilipo, nyuma ya ukuta huu. Natumai u mzima. Kwa kweli sina haja ya kutumai, maana asubuhi nimekusikia ukiimba bafuni mpaka mama akagonga mlango kukukumbusha kwamba maji si yako peke yako. Mama hajambo, ila mgongo unamsumbua kidogo, na hilo unalijua kwa kuwa wewe ndiye unayemkanda. Mimi nami ni mzima wa mwili. Macho yamepona kabisa. Roho ndiyo mgonjwa, ugonjwa wake unaitwa wivu, na aliyeniambukiza ni wewe.

Usicheke. Au cheka, lakini usiache kusoma, maana mwishoni kuna jambo unalotakiwa kulifanya kesho asubuhi, na kuna mtoto analisubiri. Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Nimejaribu tangu Ijumaa, lakini kila nikianza unaniongezea chai, unaniita dada kwa ile sauti yako ya mapenzi, nami nanywea. Ndiyo maana leo nimengoja utoke, nikachukua karatasi.

Unajua Bi Mdomo alivyozaliwa, lakini nataka usikie kutoka kwangu, kwa sababu siku hizi watu wanamsimulia kana kwamba aliokotwa. Nilimshona mimi. Nilikuwa nimelazwa, macho yote mawili yamefungwa bendeji baada ya operesheni, na wodi ya watoto ilikuwa ng'ambo ya korido. Nikamwomba nesi soksi kuukuu, vifungo viwili na sindano, nikashona kwa kupapasa. Jicho moja likakaa juu ya jingine, mdomo ukawa mpana kuliko kichwa. Nilipomvaa mkononi na kuanza kumsema daktari kwa sauti nzito ya bibi aliyechoshwa na dunia, watoto walikuja mmoja mmoja mpaka mlangoni, wakacheka hadi sista mkuu akaja kuuliza kulikoni. Kisha nikaruhusiwa kwenda nyumbani, na kazini nikapewa miezi sita ya kupumzika. Miezi hiyo yote, kila Alhamisi nilirudi wodini na kikaragosi changu ndani ya mkoba. Nilimshonea magauni, nikamtungia visa, nikamnunulia hata hereni. Maisha yangu yote nimetengeneza miwani ya watu wengine. Bi Mdomo alikuwa wangu.

Basi likizo ikaisha. Hujawahi kuingia karakana yetu, kwa hiyo acha nikueleze. Ni chumba kirefu chenye mashine nne za kusagia lenzi, maji yanatiririka juu ya kila jiwe, na kila fundi ana trei zake: trei moja ni mteja mmoja, fremu na lenzi mbili, ya kulia na ya kushoto. Msimamizi wetu tunamwita Milimita, kwa sababu ndicho kitu pekee duniani anachokiheshimu. Alinipokea vizuri, akaniuliza hali, akanirudisha kwenye mashine yangu, na kila Alhamisi akawa ananiruhusu kutoka mapema. Mikono iliikumbuka kazi siku ile ile, kichwa ndicho kilichobaki wodini. Nilikuwa nasaga huku midomo inacheza, natunga maneno ya Bi Mdomo ya Alhamisi ijayo. Siku moja alikuwa anagombana na chupa ya dawa, ugomvi ukaninogea, nikaisaga lenzi ya kulia iingie kushoto na ya kushoto iingie kulia. Mteja alirudi kesho yake ameshikilia ukuta, analalamika kwamba sakafu inampandia. Wenzangu walivunjika mbavu. Milimita hakucheka. Alinivuta kando akasema kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, kwamba mambo yangu ya jioni hayamhusu, lakini akiiona tena midomo yangu ikicheza mbele ya mashine atamwita yule mama aliyenishikia nafasi, na huyo hakuwahi kumpandishia mtu sakafu. Ruhusa za kila Alhamisi nazo nizisahau.

Ndipo nikakuomba wewe. Unaoka mikate alfajiri, ikifika saa sita mchana uko huru. Nilikuomba Alhamisi moja tu. Nilikuandikia hata maneno ya kusema, ukaikunja karatasi ukaitia mfukoni, na nina hakika hukuifungua. Ulirudi jioni uso unang'aa. Ukaenda tena, na tena. Ukaanza kutusimulia mezani, mama anafuta machozi kwa kucheka, eti Bi Mdomo ameona sindano akajificha chini ya mto, eti Bi Mdomo amewauliza watoto kama kidonge kinauma kikishafika tumboni, nao wakaanza kumbembeleza. Nikakuuliza tangu lini Bi Mdomo anaogopa sindano. Ukasema alianza tu mwenyewe. Ala! Alianza mwenyewe! Mtu nimemshona kwa mikono yangu, nimempa na huo mdomo, leo akiwa kwako anaanza mambo mwenyewe! Nilicheka pamoja nanyi. Jumamosi nikakuta umemvua hereni zangu, umemfunga kitambaa kichwani kama mgonjwa. Nilikaa kitambo na zile hereni mkononi. Wivu wa mume nimewahi kuusikia ukisimuliwa. Wa soksi sikujua kama upo.

Sasa soma polepole. Unakumbuka nilivyokuambia kwamba nimekutana na sista mkuu sokoni, akasema maigizo yamesimama kwa kuwa wodi inapakwa rangi? Hakuna rangi. Sikukutana na sista yeyote. Nilitunga. Wewe ukaguna tu, ukasema masikini watoto wa watu, ukanirudishia Bi Mdomo nimtunze, ukaenda kulala bila kula. Nilijiona mchawi, lakini sikufungua mdomo, maana nilikuwa nimeshapanga. Nilikubaliana na Milimita niwe nafanya kazi saa za chakula, naye kila Alhamisi anitoe mapema. Nikafika wodini na mkoba wangu. Sista akauliza uko wapi. Nikamjibu umesafiri, hata sijui unarudi lini. Kwa hiyo huku nimekudanganya wewe, kule nimewadanganya wao, na katikati nimesimama mimi na soksi yangu.

Nilifunga shuka kati ya vitanda viwili kama ilivyo desturi, nikajibanza nyuma yake, nikamwinua Bi Mdomo kwa ile sauti yake nzito, kwa yale yale maneno yaliyokuwa yanawagaragaza. Mtoto mmoja akauliza kama Bi Mdomo ana mafua. Mwingine akamweleza kwamba huyu si yeye, huyu ni shangazi yake. Waziri, yule binti wa mguu aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuamrisha, alishuka kitandani na magongo yake, akainua shuka, akachungulia. Aliponiona aliniamkia kwa adabu zote, kisha akaniuliza yule mwenyewe anakuja lini. Yule mwenyewe! Kitinda, heri angenipiga gongo la kichwa.

Alhamisi iliyofuata nilikuigiza wewe. Nikaibana sauti ikawa nyembamba, nikamficha Bi Mdomo chini ya mto, nikamtetemesha mpaka mkono ukauma. Walinionea huruma. Wewe hujui ilivyo kuonewa huruma na watoto waliotundikiwa dripu. Wawili walinipigia makofi ili nisijisikie vibaya. Nilirudi nyumbani nikakukuta umelala kwenye kochi, mdomo wazi, unga bado uko kwenye nyusi, na nikuambie ukweli, nilikuchukia. Nilikaa pale nikikutazama, nikajiuliza una nini ambacho mimi sina.

Sasa hili la mtoto. Operesheni ya mguu wa Waziri ilipangwa Ijumaa, yaani juzi. Daktari wa mifupa si wa pale, huja siku chache akaenda zake, na kesho jioni anaondoka. Ijumaa asubuhi walipokuja kumchukua, Waziri alikamata chuma cha kitanda akagoma. Hakulia hata kidogo. Alisema ana ahadi na Bi Mdomo. Bi Mdomo anakiogopa sana chumba cha operesheni, naye Waziri amemwahidi kwamba atamshika mkono waingie pamoja, ajionee kuwa hakuna kitu. Hawezi kuingia peke yake akamwacha mwenzake na hofu zake. Mama yake akambembeleza, daktari akambembeleza, mwisho sista akanipigia simu karakana. Milimita alisikiliza, akaizima mashine yangu kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia nikimbie.

Nilifika nahema. Nikamvaa Bi Mdomo, naye akamwambia Waziri aende tu, kwamba yeye Bi Mdomo haogopi tena, hakuna cha kuogopa kule. Alimtazama Bi Mdomo, si mimi. Akamtazama sana. Kisha akasema Bi Mdomo hana ushujaa huo, akageukia ukutani.

Daktari amekubali kumpa nafasi moja tu, kesho saa mbili asubuhi. Isipowezekana, mtoto atasubiri mpaka daktari arudi, na hakuna anayejua ni lini, na ule mfupa unazidi kukomaa ukiwa umepinda.

Nimefika mahali pagumu. Nilikuwa nimekaa koridoni najifuta jasho, sista akaniletea maji. Akasema anashangaa nimeshindwa kuitoa sauti ile wakati ni ya kwangu. Nikamwuliza yangu kivipi. Alidhani namtania. Akasema manesi wote wanaijua, siku ya kwanza ulipomwinua Bi Mdomo walitazamana wakaziba midomo. Bi Mdomo wako ni mimi wa siku zile za bendeji. Ni mimi niliyeuliza kila mara kama sindano ni kubwa. Ni mimi niliyewasihi wasizime taa, ilhali taa yenyewe siioni. Ni mimi niliyekushika kidole nikakuuliza kama bado umekaa, na baada ya muda kidogo nikakuuliza tena.

Nilikuwa nimesahau, mdogo wangu. Hapana, niseme kweli: nilichagua kukumbuka soksi na vicheko, hayo mengine nikayafukia. Bi Mdomo wangu alipewa ile sauti nzito ili mtu asiisikie ya kwangu. Wewe ulikaa kwenye kile kiti cha chuma kando ya kitanda changu ukaisikia yote, hukumwambia mama, hukunicheka hata siku tuliyogombana. Ukaihifadhi, ukaja kuwapa watoto waliokuwa wanaihitaji. Na mimi nikakuonea wivu kwa hofu yangu mwenyewe. Jamani!

Nilitaka kukasirika. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kukukomesha, kwamba umenifanya kichekesho cha manesi. Lakini kila nikipandisha hasira namwona Waziri amekamata kile chuma. Na usidhani wivu umeniisha. Kesho watoto wakikushangilia itaniuma, utaniona nimenuna, usinijali. Nitanuna nikiwa nimekaa kimya, bila kumdanganya mtu.

Nenda, Kitinda. Chonde chonde. Mwombe mwenzako akumalizie zamu ya tanuri, uwe pale kabla ya saa mbili. Bi Mdomo yuko juu ya kitanda chako. Nimemfunga tena kile kitambaa kama ulivyokuwa umemfunga, sijui kama nimepatia. Sista nimeshamweleza kwamba hukusafiri na kwamba mimi ni mwongo. Alinitazama juu ya miwani niliyomsagia mwenyewe, akatikisa kichwa, akasema cha muhimu uje. Kuhusu Alhamisi, ni zako. Mimi nina trei zangu, na nimegundua kwamba ninazipenda nikiwa sijibishani na mtu kichwani. Jumapili naweza kukaa nikamshonea nguo, kama wewe na yeye mtanikubalia.

Mama anakusalimu, ingawa ninapoandika haya namsikia anafagia ukumbini na utaonana naye kabla yangu. Wasalimie wenzako wote wa kiwandani, na huyo atakayekushikia zamu mwambie nitamtengenezea miwani nzuri siku macho yake yakichoka. Nikikukosea tena, njoo unigongee ukuta.

Kesho nitasimama nje, kando ya mlango wa chumba cha operesheni. Kama ile sauti itakugomea mbele ya Waziri, usihangaike kuitafuta. Nitazame mimi. Nitakuwa naogopa, na safari hii sitaficha.

Ni mimi anayekupenda na kukuonea wivu,

Dada yako wa chumba cha mbele.