Udongo wa Kuoshea Dusumali

Ilford, London

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepunguza kuuma na dawa unazimeza, huzifichi chini ya mto. Sisi miili mizima. Moyo wangu ndio umechafuka.

Lile dusumali la hariri lenye zari, ulilonifunga kichwani siku ya saba ya harusi yangu kama bibi alivyokufunga wewe, nimelitunza sandukuni na karafuu miaka yote hii, nikimngojea mjukuu wako Salma. Sasa anaolewa baada ya Idi, na mwenyewe hakulitaka. Alisema linanuka uzee.

Akaja wifi yangu Zuhura kuliazima. Kazini kwao kulikuwa na siku ya kila mtu kuvaa vazi la kwao. Wifi ni wifi, nikampa. Jioni akatuma picha kwenye kundi la familia. Bosi wake huja ofisini na mbwa, na mbwa huyo kafungwa dusumali la bibi, ulimi nje, ute unachuruzika mpaka kwenye zari. Zuhura yuko pembeni anacheka mpaka magego yanaonekana.

Nilitapika, mama, kweli kabisa. Mbwa hana kosa, hajui alichovikwa. Kinachonitia kinyaa ni Zuhura, ambaye naye alifungwa la kwao siku ya saba, anajua maana yake, na bado akacheka ili bosi amwone mchangamfu. Nilipompigia akanijibu, "Wifi nawe, si kitambaa tu? Kitie kwenye mashine." Nikamkatia simu.

Najisi ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Huku niupate wapi? Nilinunua mfuko dukani, kuufungua, umechanganywa na samadi. Vibustani vya mtaani kwetu navyo ni vyoo vya mbweha. Nikalitupia dusumali kwenye mfuko wa taka, nikamwambia Salma tutamnunulia jipya, uchafu ule hautagusa kichwa chake.

Jumamosi alirudi kutoka kwa rafiki yake mwenye bustani, kucha zake za bandia zimevunjika, amebeba ndoo ya udongo aliouchimba chini kabisa, mbweha wasikofika. Dusumali keshalitoa kwenye taka. Tukaliosha pamoja. Rangi imefifia kidogo.

Nikamuuliza, si ulikuwa hulitaki? Huyu anayenijibu Kiingereza siku zote, akanijibu Kiswahili: "Nisipolivaa mimi, wa mwisho kulivaa atakuwa mbwa."

Basi Salma atafungwa hilo hilo siku yake ya saba. Zuhura atakuja kwa kuwa ni shangazi, lakini asiliguse. Fundo lako mimi silijui vizuri, kwa hiyo siku hiyo kaa karibu na simu unielekeze.

Nisalimie kaka na mkewe, na kungwi wangu Bi Mwanaidi. Yeye usimwambie habari ya mbwa, atakufa kwa hasira.

Mwanao ambaye bado hajala akashiba tangu ile picha,
Mwanaisha