Viraka Juu ya Jina la Zamani

S.L.P. 418
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka Mkubwa,

YAH: OMBI LA UAMUZI WAKO KUHUSU KARATASI NINAYOTAKIWA KUTIA SAINI

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kuomba uamuzi ambao mimi peke yangu naogopa kuutoa. Kabla ya hayo, nauliza afya yako. Je, mgongo umekubali ule mkanda wa daktari, au bado unalala sakafuni? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku ni wazima wa mwili. Kuhusu nafsi, nikuambie tu kwamba mke wangu sasa anafunga komeo mchana.

Nimeona niandike kwa kalamu, nikutumie picha za kurasa hizi kwa simu, binti yako akusomee, kwa kuwa mambo haya nikiyasema kwenye simu nayaacha katikati.

Kama ujuavyo, huu ni mwaka wa kumi na tisa nikiwa mtunza jezi wa klabu. Nafua, napiga pasi, nabandika namba. Ndiyo maana hata wachezaji wasiojua jina langu huniita Mzee Pasi. Mwezi uliopita klabu iliachana na kampuni ya rangi iliyotudhamini miaka sita, ikafunga mkataba na mshindani wake, ambaye naye anauza rangi. Mechi ya kumtambulisha mdhamini mpya ilipangwa Jumamosi ya tarehe mosi, ionyeshwe moja kwa moja kwenye televisheni. Jezi mpya hazikufika.

Ndipo katibu wa klabu, ambaye ni mume wa mdogo wetu, aliponiletea bahasha ya viraka vya gundi vyenye jina la mdhamini mpya. Alitaka nivibandike juu ya jina la zamani, kwenye jezi zilezile. Nilimweleza kuwa jina la zamani limechapwa kwa mpira laini, na gundi ya pasi haishiki juu ya mpira, ilipasa vishonwe. Akanijibu, "Shemeji, hii ni mechi, siyo harusi. Bandika twende."

Mimi, kwa mazoea yangu unayoyacheka, niliandika tahadhari ya nusu ukurasa, yenye namba ya kumbukumbu na tarehe. Naye, kwa mzaha, akaigonga muhuri wa "Imepokelewa" na kunirudishia nakala. Kisha nikabandika. Hilo silikwepi, Kaka. Nilijua, na bado nilibandika.

Dakika ya thelathini na nne nahodha alifunga bao, akaenda kuteleza kwa kifua mbele ya kamera. Aliposimama, kiraka kilibaki kwenye nyasi, na kifuani mwake jina la zamani liling'aa. Kufikia mapumziko viraka vingine saba vilikuwa vimebanduka. Mashabiki wakanipigia kelele kutoka jukwaani, "Mzee Pasi, kwako umeme umekatika?" Nilicheka nao, kwa kuwa sikujua linalokuja.

Mechi haijaisha, kampuni ya zamani ilikuwa imekwisha kusambaza picha ile ya nahodha kwenye simu za watu, na chini yake maneno matatu: "Rangi yetu haibanduki." Siku ya tatu picha hiyo ikapandishwa kwenye bango la njiapanda ninayopita kwenda kazini. Mdhamini mpya anasema tangazo zuri namna hiyo halitungwi kwa robo saa. Lazima palikuwa na mtu wa ndani aliyeandaa. Na mtu wa ndani anayeshika pasi ni mmoja.

Jumanne niliitwa ofisini. Mwanasheria wa mdhamini mpya hakupandisha sauti hata mara moja. Alinisogezea karatasi iliyokwisha chapwa, isemayo kuwa nililegeza viraka makusudi kwa kuahidiwa zawadi na kampuni ya zamani. Nikisaini, klabu itabaki na mdhamini, nami nitaondoka kimya kimya bila kushtakiwa. Nisiposaini kufikia Jumatano hii saa kumi jioni, watakwenda mahakamani kudai fidia. Kisha akaniuliza, taratibu tu, kama nyumba ninayoishi ni yangu. Katibu alikuwa amekaa pembeni, anatazama viatu vyake.

Tangu siku hiyo kufuli la chumba cha jezi limebadilishwa na sikupewa ufunguo. Pikipiki moja nyekundu imepita mlangoni petu mara nne. Huenda inapeleka mizigo tu, lakini mimi nahesabu. Nakala yenye muhuri nimeificha ndani ya foronya ya mto ninaolalia, na nikigeuka huisikia.

Jana mdogo wetu alikuja, akakaa jikoni bila kushusha mkoba begani. Anajua nakala ipo. Alisema, "Kaka, ukiitoa, mume wangu ndiye atakayebebeshwa yote. Wanangu niwaambie mjomba wao ndiye aliyempeleka mahakamani?" Mke wangu, aliyekuwa akimenya vitunguu, hakuinua macho. "Na wangu mimi, wifi, niwaambie baba yao alikiri asilofanya, tena kwa mwandiko mzuri?" Hawakuagana.

Kaka, kuna jambo ambalo hata mke wangu sijamwambia: nimekwisha kuishika kalamu mara mbili. Naogopa mahakama, naogopa nyumba ya Mama aliyotuachia sote watatu isije ikaondoka mikononi mwangu, na naogopa uso wa mdogo wetu. Nilijifunza kuandika kwa kunakili barua za maofisa, na najua karatasi ikishatiwa saini haisikii tena maelezo.

Nisalimie shemeji, binti yako msomaji, na yule fundi saa jirani yako aliyenifaa nilipokuja huko. Mwenyezi Mungu akupunguzie maumivu na akuongezee siku, maana tunakuhitaji.

Wewe ndiwe mkubwa wetu, na nyumba ina jina lako pia. Naomba uamue moja: nisaini karatasi yao, au niitoe nakala yenye muhuri. Utakaloamua nitalifuata. Naomba jibu kabla ya Jumatano saa sita mchana.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye na kukutegemea,

Mzee Pasi