Ng'ombe Asiye na Ndama

Kaka yangu uliyenikimbia,

Mimi ni mtu wa bahati, ujue hivyo. Ng'ombe wetu wa simenti amesimama Mbarara, kwenye mzunguko wa barabara, pembe zinapita mapaa ya maduka. Watu wanashuka kwenye bodaboda kupiga naye picha. Jina langu limechongwa kwenye ukwato wa mbele. Lako halipo. Nafasi ilikosekana.

Unakumbuka tulivyoanza? Wazee wa mji walitaka sanamu ya ufugaji wa Ankole, na sisi, watoto wa mashamba ya muhogo ya Kivu, tukajibu kwamba ng'ombe tunawajua tangu utotoni. Uongo mtupu, na ulianza wewe. Tulimjenga nyuma ya nyumba yangu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale kwa nondo, waya na simenti, mkamuaji amechuchumaa ubavuni na chombo chake cha mti. Wewe ulifinyanga nyuso. Mimi nilipewa tumbo na matako. Ulisema ndiyo saizi ya akili yangu.

Mzee mmoja wao alipokuja kukagua, alizunguka mara mbili, akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Nyinyi Wakongomani, ndama iko wapi? Ng'ombe yetu hapana toa maziwa kama mtoto yake hapana simama hapo mbele."

Nilitafuta shimo la kuingia. Wewe ukaniminya bega. "Niachie mimi ile ndama, mdogo wangu. Utakuya kuona."

Nikaona kweli. Nilikwenda madukani Kaberebere kutafuta waya wa huyo ndama. Niliporudi, mlango wako ulikuwa wazi, sufuria zako ziko kwa majirani, na basi la wanaohamishiwa Kanada limeshaondoka. Mama Neema wa nyumba ya pili akashangaa. "Hakukuambia? Tarehe alipewa tangu mwezi uliopita."

Mwezi mzima, Kaka, unakula ugali wangu huku umenyamaza. Hata kile kisu kidogo cha kuchongea macho ulikibeba. Huko kwenye theluji unamchonga nani?

Watu wanasema uliogopa kuniona nikilia. Wasikutetee. Ningekusindikiza hadi mlango wa basi nikikutukana, kama ndugu wa kweli.

Ndama nimemjenga mara nne. Wa kwanza, watoto wa mtaa walimwita mbuzi. Wa nne ni mzuri kuanzia mkia hadi shingo, lakini anatazama kama mtu aliyevimbiwa maharage. Na bila ndama, wazee wamekataa kumchukua mama yake.

Usinitumie salamu, wala koti la mitumba. Niandikie tu jicho unalianzia wapi, kwenye kope au kwenye kona. Halafu kaa huko na baridi yako.

Mbarara hakuna ng'ombe. Nimekudanganya. Yuko hapa nyuma ya nyumba, kuku wanalala chini yake, na kwenye ukwato sijaandika jina la mtu.

Mdogo wako wa tumbo moja