Maziwa Bila Maswali

Jumatatu, 3 Februari

Leo tena nimevuka Kigali nzima kwa ajili ya glasi ya maziwa. Kazi mjini, kulala Batsinda, maziwa Rwezamenyo. Mtu akinifuata nyuma atadhani nimepotea.

Lakini kule ndiko Kiswahili kinakosemwa bila kuombewa radhi, na mimi nimekulia Mwanza. Kinyarwanda changu bado kinachekwa hata na watoto wa jirani. Kwenye baa ya maziwa ya Bi Sauda hakuna anayenicheka. Anakaa nyuma ya sufuria zake na ushungi wa kijani, anachota, anauliza. Umekula? Umelala? Mbona umekonda? Ana usemi wake: glasi ya kwanza ya kiu, ya pili ya habari. Hujajibu, hupati ya pili.

Nimejibu yote. Nimekunywa mbili, na andazi.

Alhamisi, 6 Februari

Kikao. Kichwa kinauma.

Kampuni yetu inauza maziwa ya pakiti. Unaagiza kwa simu, yanaletwa mlangoni. Mazuri, sibishi. Ila hayauziki, kwa sababu mtu wa Kigali akitaka maziwa anakwenda baa, anakaa kwenye benchi na wenzake, anakunywa ya moto au kivuguto, yale ya mgando, na ndivyo ilivyo tangu zamani. Bosi wetu Didier amerudi kutoka Kampala na neno moja mdomoni: kuvuruga soko. Anataka baa zife. Hakusema zife. Amesema tuwape wateja sababu ya kutorudi.

Mwenzetu wa takwimu akapendekeza tutangaze kuwa baa ni chafu. Nikawaka. Sufuria za Bi Sauda unaweza kujitazamia ukapaka wanja! Nikasema uongo ukijulikana tumekwisha. Tutafute kitu cha kweli, kitu ambacho mteja anakichukia na hathubutu kukisema. Didier akaninyooshea kidole: basi kitafute wewe. Halafu akanikumbusha kuwa mkataba wangu unaisha mwezi wa tatu, kana kwamba nimesahau.

Mdomo huponza kichwa. Mama aliniambia tangu nikiwa mdogo.

Jumanne, 11 Februari

Fidelis kaoa.

Dada yangu kapiga asubuhi kutoka Mwanza. Fidelis aliyekuwa mume wangu, aliyeapa hataki kusikia tena neno ndoa, kaoa kanisani, na kwaya juu. Kumbe neno ndoa halikuwa na kosa. Kosa nilikuwa mimi.

Nimeshinda ofisini nikitabasamu kama sanamu ya dukani. Jioni mvua, nikakimbilia kwa Bi Sauda. Baa tupu, mimi na yeye tu. Akanimiminia, akauliza lile swali lake la siku zote, kwa upole kabisa: bwana yako iko wapi, mwanangu, anakuja lini tumuone? Siku zote huwa nacheka. Leo nikampandishia sauti: "Mimi nataka maziwa, sitaki maswali!"

Akarudisha upawa kwenye sufuria. Akasema, "Haya." Sikumaliza hata glasi.

Nimelia ndani ya basi. Mama aliyekaa pembeni yangu aliniona, akageukia dirishani. Nilimshukuru.

Jumatano, 12 Februari

Nimekipata.

Nimesimama mbele yao nikasema: hatuuzi maziwa, tunauza kutoulizwa. Nani hajachoka kuulizwa na muuza maziwa anaoa lini, anazaa lini, kazi kapata? Nyumbani kwako hakuna anayekuuliza. Nikaandika ubaoni maneno matatu. Maziwa bila maswali.

Didier akasimama, akapiga makofi peke yake, wengine wakafuata. Nilijisikia mtu. Jamani, muda mrefu sijajisikia mtu.

Jumamosi, 22 Februari

Umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa ya mwisho wa mwezi. Nimezibua mtaro na majirani wa Batsinda. Jembe nimepewa, jembe nimerudisha. Baada ya kazi kikao cha mtaa, wamekaa wawiliwawili, mimi mwisho karibu na mchongoma. Mzee mmoja akaniuliza jambo kwa Kinyarwanda, haraka haraka. Nikaitikia ndiyo. Akaondoka akitikisa kichwa, sijui nimekubali nini.

Rwezamenyo sijakanyaga tangu siku ile. Aibu. Kila jioni najiambia kesho.

Jumatatu, 3 Machi

Mabango yametundikwa. Mjini ni ya Kinyarwanda. La Rwezamenyo nilipigania liwe la Kiswahili, nikabishana na Didier hadi sauti ikanikauka, eti kwa heshima ya watu wa kule. Limewekwa kwenye kona ya Bi Sauda, ng'ambo ya mlango wake. Sikuchagua kona. Ila nilijua.

Ramadhani imeanza, na Didier anasema tuwapate watu wakifuturu majumbani. Leo nimeandika kanuni za wasambazaji. Salamu moja, pakiti, asante. Marufuku kumuuliza mteja jambo. Akiuliza lisilohusu maziwa, omba radhi uondoke. Didier ameipenda sana hiyo ya mwisho.

Oda zinamiminika. Simu ya ofisi haikai chini.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda.

Nilifika kabla ya adhana. Wakati kama huu mwaka jana watu walikaa mpaka kwenye ngazi, tende zinapita mkono kwa mkono. Leo benchi moja limeinuliwa limeegemezwa ukutani. Waliobaki wazee, na Rajabu fundi cherehani wa mlango wa pili.

Bi Sauda akanikaribisha vizuri tu. Akanimiminia ya moto, akaifuta glasi kwa nje kama anavyofanya kwa mgeni. Nikangoja. Akamgeukia Rajabu: goti lako linaendeleaje? Kwa mzee mwingine: binti yako alijifungua? Kwangu, hakuna. Si kwamba kanuna. Sura yake ileile, macho yaleyale. Nilipomaliza akanimiminia ya pili bila kungoja neno.

Nimepewa nilichotaka.

Kwa hiyo anajua. Nilimwambia peke yake, kwenye mvua, na sasa maneno yale yananing'inia mbele ya mlango wake kwa herufi kubwa kuliko yeye. Nilitaka kusema samahani. Mdomo huu unaojua kusema mbele ya wakurugenzi, ulikataa.

Alhamisi, 20 Machi

Mkataba mpya. Na cheo: mkuu wa masoko. Wenzangu wameniletea keki, wakala, wakarudi kwenye kompyuta zao. Nimempigia dada, hakupokea. Nimeitazama orodha ya majina kwenye simu mwanzo mpaka mwisho, hakuna wa kumwambia.

Nikaenda Rwezamenyo. Kumwambia Bi Sauda, hebu fikiria! Kama mwizi anayempelekea mwenye kuku habari za mchuzi. Hakuwepo, amekwenda zahanati kupima presha. Rajabu ndiye kashika upawa. Hakuna mtu ndani. Akaanza kuniambia, anacheka: "Bi Sauda iko nazeeka, dada. Siku wameweka ile bango, alisoma, akasema hayo maneno ya mtoto wake. Nikamuliza, mtoto gani? Huyu mama hajazaa!"

Amecheka hadi kashika goti.

Hakumwambia mtu. Wateja wanamkimbia, maziwa yanaganda, na hakunitaja hata kwa Rajabu.

Sikukuu nitamwendea. Nitamwambia yote, ya Fidelis na ya bango. Anifukuze akitaka, lakini aniulize.

Jumapili, 30 Machi

Idi.

Nimemnunulia ushungi mpya, kijani ileile. Kwenye basi nimerudia maneno yangu kimoyomoyo, nikakosea kituo.

Mlango una kufuli. Sufuria hazipo, mabenchi hayapo, kuna alama tu sakafuni yalipokuwa, nimeziona kwa tundu la dirisha. Rajabu akatoka kwake na kanzu mpya, hacheki tena. Bi Sauda amefunga. Amesema kumwaga maziwa kila siku ni dhambi. Kaka yake wa Busanza amekuja kumchukua. Chumba kimeshapata mtu, atauza makava ya simu.

Nikamuuliza kama ameacha salamu. Rajabu akakuna kidevu. "Alisema, yule wa Mwanza akikuja, umuulize kama amekula."

Akasimama ananitazama, anangoja jibu, mjumbe mwaminifu.

Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula tangu jana.

Ushungi nimerudi nao.

Alhamisi, 3 Aprili

Kampuni imeamua kila mfanyakazi aletewe pakiti nyumbani, zawadi ya kazi nzuri. Jioni hodi. Msambazaji ni mtu mzima, ndevu zina mvi, koti la kampuni limembana mabegani. Salamu moja. Pakiti. Asante.

Alikuwa ameshageuka. Nikamuuliza: "Umekula?"

Akaangalia kushoto na kulia, nadhani alidhani anapimwa. Akainamisha kichwa kwa adabu. "Unisamehe, madamu. Maswali tumekatazwa." Akapanda baiskeli yake.

Nimeyachemsha maziwa. Nimekunywa glasi moja. Ya pili imebaki kwenye sufuria.