Maganda ya Vitunguu

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

U hali gani, na kazi za maabara zinakwendaje? Sisi wazima, ila usiniulize kuhusu moyo. Kidoti ametimiza mwaka kaburini, na bado nikikoleza tanuri mchana namsikia mwanangu akikohoa nyuma yangu. Nageuka, hakuna mtu. Pacha wake naye humwachia nafasi kitandani, ukimsogeza, analia.

Redioni wamesema maabara yenu imeona dawa ndani ya maganda ya vitunguu, inayokinga seli za mwili zisiuawe na madini ya risasi. Nami si ndiyo risasi ninayoyeyusha kutoka kwenye betri kuukuu kila siku! Basi nayachemsha, pacha anakunywa asubuhi na jioni. Ananuka kama gunia la sokoni.

Niambie kweli: ningeyajua mapema, Kidoti angepona?

Dada yako

19 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Zima moto leo. Mpeleke pacha akapimwe damu.

Redio imekata maneno. Tulitanguliza dawa ya maganda, risasi ikafuata, kwenye seli zilizo ndani ya kisahani, si ndani ya mtoto. Nyingi zilibaki hai. Tulipotanguliza risasi, zilikufa karibu zote. Maji ya vitunguu hayatashindana na moshi anaouvuta kila siku.

Na Kidoti... Ile degedege iliyomuua, Dada, naamini ilitokana na risasi. Nilishuku kabla hajaugua, siku ya kwanza nilipoona seli zikifa. Nikakuandikia uliache tanuri. Kisha nikaichana barua. Tanuri ndilo lililokuwa likinisomesha.

Mdogo wako

2 Mei

Dada, shikamoo tena.

Hamjambo huko? Kimya chako kinanitisha. Pacha amepimwa? Nijibu, hata kwa tusi.

Mdogo wako

14 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua zako zote zilifika. Sikuwa na mkono wa kuandika.

Tanuri nililibomoa kwa nyundo siku ileile niliyosoma ya kwanza, tukahamia kwa shangazi. Pacha alikutwa na risasi nyingi kwenye damu, akalazwa wiki tatu. Daktari anasema inashuka. Juzi alisoma ukurasa mzima bila kusahau alipoanzia.

Mimi sasa nafua nguo za watu. Kikohozi cha Kidoti kimenifuata hadi huku. Siku hizi nakiitikia.

Kukusamehe bado, usinihimize. Lakini ile barua uliyoichana, iandike tena, neno kwa neno, kwa tarehe ya siku ile. Nataka kuipokea nikiwa mama wa watoto wawili.

Dada yako