Jicho Jekundu kwenye Sabuni Yangu

Mwanza, Ijumaa, Novemba 1961

Kimya changu kimekuwa kirefu, tena hakina adabu. Mtu aliyewafundisha watoto kuandika kila siku hana udhuru wa kuacha kurasa tupu tangu mavuno ya pamba. Naomba radhi. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Niliogopa kuliandika jambo hili, kwa sababu likishaandikwa haliwi tena uvumi.

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Ziwa limepanda hadi kuyafunika mawe ambako wanawake hufulia, na wadudu wa ziwani wametanda juu ya maji kama moshi mweusi. Mjini watu wanapaka rangi milango yao kwa ajili ya Uhuru. Mimi nimefunga duka mapema.

Nilipoacha ualimu nikaanza kupika sabuni ya mafuta ya pamba, wapishi wa sabuni walikuwa wengi, na miche yao yote ilifanana. Nikajiuliza: mama asiyejua kusoma ataijuaje yangu? Nikachonga muhuri wa mti wenye alama ya jicho, nikaugonga juu ya kila mche kabla haujakauka. Sikubadilisha uzito, wala harufu, wala ukubwa wa jicho. Mche uliopinda niliurudisha kwenye pipa. Baada ya miaka michache hakuna aliyesema "nipe sabuni." Walisema "nipe Jicho."

Nilijivunia jambo hilo kuliko nilivyowahi kujivunia darasa lolote.

Mwaka huu, kila mfanyabiashara alipoanza kubadili jina la duka lake liwe Uhuru, mimi nilikataa. Jina ambalo watu wamelizoea halibadilishwi kwa sababu ya sherehe. Niliona afadhali kulitia nguvu. Nikaenda kwa Bwana Kanji, mpiga chapa, nikataka karatasi za kufungia miche na vibao vya kutundika kwa mawakala wangu. Nilitaka wino mweusi.

"Mwalimu, nyeusi inalala," alisema. "Nyekundu inaita mtu toka ng'ambo ya barabara. Wewe nataka uza sabuni au nataka tangaza msiba?"

Nikacheka, nikakubali nyekundu.

Wakala wangu mkubwa huko mashamba ni Bibi Kabula, mjane anayeishi mbele ya Kisesa, kando ya barabara. Ni mkali wa hesabu, na ulimi wake ni mkali zaidi. Macho yake ni mekundu, kama yalivyo ya wanawake wengi wa huko waliozeeka wakipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, maana kuni ni haba. Nilipompelekea kibao alikitazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "mbona umenichora mimi? Ungeniambia nivae vizuri."

Alicheka hadi akashika ubavu. Nami nilicheka. Nikakigongomea kibao mlangoni pake kwa mikono yangu mwenyewe, kikitazama barabara.

Mimi ni mtu wa mjini, lakini nimeishi na Wasukuma tangu ujana wangu. Nilijua wanachosema juu ya mwanamke mzee mwenye macho mekundu: kwamba ni mchawi, na mchawi huuawa. Nilikijua kama mtu ajuavyo somo ambalo hakuwahi kulihitaji.

Mjini mauzo yalipanda. Mashambani yakashuka. Kwanza nilidhani kuna mshindani, nikaenda kutazama. Katika gulio nilimwona mwanamke akinunua mche wangu, akiondoa karatasi na kuitupa, kisha akilikwangua jicho kwa kisu kabla ya kuutia mche kikapuni. Nikamwuliza sababu. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu hufunga milango usiku.

"Mzee, sabuni ni nzuri," alisema. "Ila sitaki yule bibi aingie kwangu."

Kisha mtoto wa jirani yake Bibi Kabula akafa kwa surua. Surua imewaua watoto wengi mwaka huu, katika nyumba zenye sabuni yangu na zisizo nayo. Lakini mama yake alikuwa amemwogesha kwa Jicho.

Leo mchana Minza, binti yake Bibi Kabula, amekuja dukani akiwa amelowa, na kitu bapa kimefungwa kwenye kanga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Mama anasema jicho lako hili hapa."

Akafungua kanga. Ni kile kibao. Mtu amelichimba jicho kwa panga, na pigo moja limepasua ubao hadi ukingoni. Walikikuta asubuhi kimeegeshwa mlangoni.

Nikamwambia amlete mama yake mjini, akae nasi. Mke wangu alikwisha kuanza kutandika kitanda. Minza akatikisa kichwa. "Nimembembeleza tangu asubuhi. Anasema akikimbia, amekubali."

"Basi nitaliondoa jicho kwenye sabuni zote."

"Ukiliondoa, watasema hata mwenye sabuni amemwogopa. Ukiliacha, watasema bado analo." Alikuwa akiukamua upindo wa gauni lake, hanitazami. "Mama anataka uje kwenye gulio Jumapili. Usimame pale anapouzia, useme jicho ni lako. Si lake. Lako, ulilichonga wewe, ukalipaka damu wewe."

Nilitaka kumsahihisha kwamba ule ni wino. 

Ameondoka na lori la pamba kabla barabara haijafungwa na maji. Nimekigeuza kibao kitazame ukuta, kisha nimekaa karibu na mapipa. Bwana Kanji ameleta shehena ya karatasi mpya kwa sherehe za Uhuru. Zimejaa hadi darini, na kila moja inatazama.

Naijua njia ya salama. Niandike barua, nipeleke sabuni isiyo na alama, nikae hapa niuze kwa watu wa mjini, nao watanunua. Jina nililolijenga litabaki. Bibi Kabula atabaki peke yake na macho yake.

Tatizo ni kioo. Jioni hii nilinawa kwa ajili ya sala, nikajitazama. Miaka ya kuinamia mvuke wa magadi makali ya sabuni haipiti bure. Macho yangu ni mekundu kama yake. Mjini hakuna aliyewahi kuyaona. Kule gulioni watayaona wote, nitakapofungua kinywa kusema kwamba jicho ni langu.

Mke wangu ameniuliza kama nitamalizia chakula au akiondoe. Nimemwambia akifunike.

Jumapili ni keshokutwa. Sitaandika humu hadi niwe nimeamua. Nikiisha kuamua nitaandika siku hiyohiyo, hata ikiwa ni neno moja.